Mikaratusi ya Mkwe

Mume wangu si mtu wa kukubali jambo upesi. Sokoni hubishania fungu la nyanya ambalo bei yake anaijua tangu jana. Kwa hiyo siku ile mjomba wangu alipomwambia, "Panda hiyo mikaratusi yako, lakini siku utakapoikata umeondoka, ardhi inarudi kwa wenyewe," naye akajibu "Sawa, mjomba" hata mate ya mzee hayajakauka, mimi niliyekuwa kwenye mkeka pembeni nikipepeta mchele nilisimamisha ungo. Nilimtazama usoni. Alikuwa anatazama mlima.

Mimi ni fundi cherehani, na kazi hii imenifundisha kutoamini. Mteja anakuambia kiuno chake ni kilekile cha mwaka jana, unapima. Anakuambia kitambaa chake hakisinyai kikifuliwa, unakiloweka kwanza. Watu wa Bigwa wananiita mama shaka, wengine wakidhani sisikii. Nasikia. Shaka haijapata kuniharibia nguo hata moja.

Jambo lenyewe linahitaji maelezo kwa asiye wa kwetu. Sisi Waluguru ardhi yetu hupita kwa mama. Shamba lile, lililopo juu ya Bigwa pale njia inapoacha nyumba za mwisho na kuanza kupanda kweli, lilikuwa la bibi, likawa la mama, na mama alipofariki likaja mikononi mwangu. Baada yangu ni la binti yangu. Mjomba, kaka yake mama, ndiye msimamizi wa ardhi ya ukoo, na neno lake linasikilizwa. Mume anayetoka nje anakaribishwa vizuri. Analeta ngoto, yaani kuku na pombe ya kuwaheshimu wenye ardhi, kisha analima mahindi yake na maharage yake na hakuna anayemsumbua. Lakini hapandi mti. Mahindi yakivunwa yamekwisha. Mti unabaki, na aliyeupanda anabaki nao, na kesho kutwa wanakuja ndugu zake kutoka huko walikotoka kusema hapa ni kwa kaka yetu. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tunampa. Mche ndio hatumpi.

Mti mkubwa pekee uliokuwa shambani ulikuwa mfenesi wa bibi, karibu na chemchemi. Aliupanda mwenyewe alipokuwa kijana, na sijapata kusikia kwamba alimwomba mtu ruhusa.

Mume wangu ni mtu wa Njombe. Alikuja Morogoro kutafuta kazi kiwandani, kiwanda kikafungwa, akawa fundi wa pawatila, zile trekta ndogo za kulimia mpunga kule Dakawa. Kwao Njombe mtu asiye na shamba la miti anahurumiwa. Miaka yote ya ndoa yetu alikuwa akipita chini ya mteremko ule, akitazama maharage yangu kwa macho ya mtu anayeona chakula kikimwagika. Hatimaye akaenda kwa mjomba na ngoto ya pili, kubwa kuliko ile ya harusi, akaomba kupanda mikaratusi. Wazee wengine walikataa. Mjomba alifikiri sana, ndipo akatoa lile sharti lake: siku ya kukata ndiyo siku ya kuondoka. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Waliona mjomba ameugeuza mti kuwa mahindi.

Usiku huo nilimuuliza mume wangu kwa nini amekubali haraka hivyo.

"Mzee ametoa sharti la haki," akasema.

"Wewe lini umeona sharti la haki ukaacha kulipunguza?"

Akacheka, akageukia ukutani. Nikajua kuna kitu, ila sikujua ni kitu gani.

Miche ilifika mwanzoni mwa masika, kwenye viriba, midogo na yenye majani ya kijivu. Aliipanda kwa kamba, safu kwa safu, akaweka majivu kuzunguka kila mche kwa ajili ya mchwa. Palizi alifanya mwenyewe. Kila akirudi kutoka Dakawa, kabla hata ya kuoga, alikuwa anapanda mlimani na panga lake. Mwanamume anayekwenda mahali fulani mara nyingi hivyo, mke ana haki ya kumfuata. Nilimfuata. Nilimkuta amechuchumaa, anang'oa nyasi na kuzungumza na mche kwa Kibena. Sikuelewa neno hata moja, na hilo pia sikulipenda.

Nilikuwa na woga mwingine. Majirani walisema mikaratusi inakunywa maji kama walevi wa pombe ya bure. Chemchemi ya bibi ilikuwa chini kidogo ya safu ya mwisho, na wanawake kadhaa huchota pale. Nikawa kila nikienda kuchota natazama jiwe moja lenye ukoga, nione maji yameshuka kiasi gani. Kiangazi yalikuwa yanashuka. Lakini hata kabla ya mikaratusi kiangazi yalikuwa yanashuka. Nilikuwa narudi na ndoo kichwani nikiwa sijui nimshitaki nani, mti au jua.

Miti ikakua. Binti yetu alipoanza sekondari ilikuwa inamfika kiunoni. Alipomaliza chuo akarudi nyumbani kusubiri ajira, ilikuwa mirunda iliyonyooka, na upepo ukipita juu yake ulikuwa unasikika mpaka barabarani. Wajenzi wa mjini walikuja kuitazama. Mjomba naye alianza kuitazama. Alikuwa anapanda na fimbo yake, anagonga shina hapa, anagonga pale, anashuka bila kusema kitu. Nilidhani anahesabu siku za kurudishiwa ardhi ya ukoo.

Siku ya kukata nilipeleka uji kwa wafanyakazi, na nikakaa. Mume wangu alimsimamia yule mwenye msumeno wa mashine kama mama mkwe jikoni. Kata chini. Kata kwa kuinamisha, maji yasisimame juu ya kisiki. Usichubue gome. Mara mbili alimsimamisha mtu wa watu kwa sababu ya gome. Nikajiuliza, kisiki ni kitu cha kutupwa, gome lake la nini? Fundi anayehangaikia mabaki ya kitambaa ana mpango nayo. Nilimuuliza. Akasema, "Kazi safi ni kazi safi." Mirunda ikashushwa, wazee wakaja kutazama mteremko mtupu, mjomba akasema sasa mkwe ametimiza neno lake kiungwana. Wakala kuku.

Mvua zikanyesha. Nilipanda na jembe langu, mbegu za maharage zikiwa kiunoni, nikiwa na furaha ya kurudi kwenye shamba la mama. Kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi. Mengi, mabichi, yamejazana kuzunguka gome kama nywele za mtoto aliyeamka. Mche tuliusubiri msimu mzima ufike magotini. Haya yalikuwa yamefika mapajani mwangu hata sijamaliza kushangaa. Niliketi juu ya jembe. Hapo ndipo nilipoelewa ile "Sawa, mjomba" ya miaka yote hiyo.

Mjomba alituita. Safari hii hapakuwa na kuku.

"Mkwe wangu," akaanza, kwa upole uliotutisha, "tulisemaje?"

"Tulisema siku nitakapokata nimeondoka. Nimekata."

"Na hayo yaliyoota?"

"Hayo sijapanda mimi, mjomba. Yameota yenyewe."

Kikao kikanguruma. Mjomba akainua fimbo, watu wakanyamaza. "Ulijua kwamba mkaratusi ukikatwa unarudi?"

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Hukuniuliza."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Ni kweli hakuulizwa. Ni kweli pia kwamba kwao Njombe hata mtoto anajua kisiki cha mkaratusi kinachipua, kinavunwa tena na tena, na kwamba sharti lile halikumfunga hata kidole. Nilimchukia mume wangu jioni ile, na ninalisema wazi. Si kwa sababu aliwazidi akili wazee wangu. Ni kwa sababu alitumia shamba la mama yangu kufanya hivyo, na mimi nikiwepo, na ungo mkononi.

Mjomba akatoa hukumu. Visiki vyote viuawe kabla ya masika yanayofuata. Masika yakikuta chipukizi hai hata kwenye kisiki kimoja, shamba linatoka kwangu, maana nimeshindwa kulilinda na mgeni, na ukoo utaliweka mikononi mwa mwingine. Binti yangu alikuwa amekaa nyuma yangu. Shamba la bibi yake mzaa mama, alilokuwa amekwisha kulichorea mabanda ya nyuki na safu za migomba, lilikuwa limening'inia kwenye uzi.

Mume wangu alisema atavichuna. Ndivyo kisiki kinavyouawa: unakichuna gome lote hadi udongoni, halafu unakiwashia moto wa taka juu yake. Alianza safu ya chini, ile ya karibu na chemchemi, na nilikwenda nikashuhudia kwa macho yangu. Halafu mavuno ya mpunga yakaanza, pawatila zikaharibika moja baada ya nyingine, akaitwa Dakawa. Akasema akirudi atamalizia. Nikasema sawa. Neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa tusi ndani ya nyumba yetu.

Sikumsubiri arudi. Nilipanda peke yangu. Safu ya chini ilikuwa imekufa, visiki vyeusi. Lakini safu za juu, zile zisizoonekana mtu akipita njiani, zilikuwa na kitu kilichonifanya nisimame. Machipukizi yalikuwa yamepunguzwa. Kila kisiki kimeachiwa mawili yaliyonenepa, mengine yamekatwa na kulazwa chini yakauke. Mtu alikuwa anayalea.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ndiyo kazi yangu. Nilimpigia simu palepale, nikihema.

"Unachuna mbele ili watu waone, na nyuma unalea!"

"Nani analea?"

"Wewe! Nani mwingine Bigwa nzima anajua kupunguza machipukizi?"

Nyuma yake injini ya mtu ilikuwa inakohoa. Kisha akauliza, "Yameachwa upande gani wa kisiki?"

"Upande gani nini?"

"Tazama. Upande wa mlima au upande wa bonde?"

Nikatazama. "Bonde."

"Basi si mimi. Upepo wa hapo unashuka kutoka mlimani. Ukiacha chipukizi la upande wa bonde, upepo unalibandua kwenye kisiki. Mimi ningeacha la upande wa mlima. Huyo anajifunza kwa kuibia macho."

Jibu zuri. Lilikuwa zuri mno. Mtu aliyedanganya kikao kizima kwa kunyamaza atashindwaje kudanganya mkewe kwa kusema? Nilikata simu bila kuaga. Lakini niliposhuka nilikuwa natazama visiki kwa jicho jingine, na kweli, mahali pawili chipukizi lilikuwa limebanduka na kulala kifudifudi.

Nikaanza kumvizia mwizi wangu. Sikumwambia mtu. Nilifunga kibanda cha cherehani siku ambazo sifungi, nikapanda saa ambazo siku zote niko na wateja. Mara ya kwanza sikuona kitu. Mara ya pili nilikuta ganda la muwa lililotafunwa, bichi. Mume wangu hali muwa, meno yake yanauma.

Mara ya tatu nilisikia panga kabla sijafika kwenye mfenesi. Nikavua ndala, nikapanda pekupeku. Alikuwa mjomba, kanzu ameipandisha na kuifunga kiunoni, ameinama juu ya kisiki kwa uangalifu wa mtu anayenyoa mtoto. Safu ya pili yake alikuwepo mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye familia yake kule Kilakala, naye ana panga.

"Shikamoo mjomba."

Alinyooka polepole. Sikuona aibu usoni mwake. Niliona kero, kama mtu aliyekatizwa hesabu. "Marahaba, mwanangu. Leo hushoni?"

"Nimekuja kutazama visiki vinavyokufa."

Mwanawe alijifanya anafuta panga kwenye majani. Mjomba akaegemea fimbo yake. "Sikiliza," akasema. "Mumeo tulimwambia akikata ameondoka, na ameondoka. Kilichoota baada yake si chake. Ni cha ukoo. Kitu cha ukoo hakiuliwi hovyo."

"Ulisema viuawe."

"Nilimwambia yeye aviue. Sikusema nitamsaidia."

Niliona yote kwa mpigo mmoja. Masika yangefika, machipukizi yangekuwa hai, shamba lingetoka kwangu, na huyo mwingine wa kuwekewa mikononi alikuwa amesimama pale anafuta panga. Niliogopa, kwa sababu mjomba ni mjomba, ndiye aliyemzika mama yangu na kunishika mkono kaburini. Hasira ikaja nyuma ya woga ikaupita.

"Na binamu yangu huyu amekuja kufanya nini?"

"Ananisaidia. Mimi mzee."

"Mjomba, mama yake ni wa ukoo gani?"

Jibu tulilijua sote. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mke wa mjomba ametoka upande wa Mgeta, ukoo mwingine kabisa. Pale kwenye ardhi ya bibi, mwanawe alikuwa mgeni kama mume wangu. Tofauti ni kwamba wa kwangu alijulikana.

"Ametoa ngoto?" nikauliza.

Mjomba akatazama bonde. Binamu akaacha kufuta panga.

"Mimi nimezaliwa na mwenye shamba," nikasema. "Mnagombana ninyi wanaume, huyu apande, huyu asipande, huyu ameondoka, huyu hajaondoka. Mfenesi huo alipanda nani? Alimwomba nani? Mila inamkataza mgeni kupanda mti. Mimi haijanikataza. Hakuna hata mmoja wenu aliyekumbuka kunipa mche, na mimi mwenyewe nilikaa na ungo wangu nikiwapepetea mchele. Machipukizi haya nayachukua mimi. Yawe hai au yafe, ni kwa mkono wangu na wa binti yangu."

"Wewe tangu lini unajua mikaratusi?"

"Tangu leo. Hayo mnayoyaacha upande wa bonde yatabanduka."

Walishuka. Mjomba alishuka polepole sana, na sikumsaidia kuvuka mfereji, jambo ambalo sikuwahi kuliacha maisha yangu yote.

Kwenye kikao kilichofuata nilikwenda nimejiandaa kwa vita. Sikupata nafasi ya kufungua kinywa. Mjomba alisimama kwanza, akakohoa, akasema kwamba ametafakari, na ameona kwamba mtoto wa ukoo hazuiwi kupanda mti kwenye ardhi ya mama yake, kwa hiyo mikaratusi ile iandikwe kwa mpwa wake, mkwe asiiguse. Wazee wakamsifu kwa busara. Akaketi bila kunitazama. Kama aliona haya au alikuwa anatafuta njia nyingine ya kupita, sijui mpaka leo, na kila akija kunisalimu kwenye cherehani natazama kwanza nani amekuja naye.

Mume wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Basi imekuwa vizuri." Vizuri kwa nani? Miti imebaki, nayo iko kwa mkewe, chini ya paa lake. Nilimtazama. Nampenda, na chakula chake napika mimi, lakini sikuona kwenye uso ule kitu chochote kilichonihakikishia kwamba hakuyaona haya yote tangu siku ile ya kwanza alipokuwa anatazama mlima.

Jumamosi nilimpandisha binti yangu mlimani. Baba yake alikuja pia. Nikamkalisha kwenye mizizi ya mfenesi, nikamwambia aelekeze kwa mdomo na panga asiliguse. Aliguna, akatii. Safu ya chini tuliiacha ife, tukachimba mashimo ya migomba kati ya visiki vyeusi. Nilichungulia jiwe langu kwenye chemchemi. Maji yalikuwa palepale, na hilo nalo bado nalichunguza.

Kwenye kisiki cha kwanza cha juu nilimpa binti yangu panga. Akatazama machipukizi, yale ya bonde na mapya yaliyokuwa yameota upande wa mlima, akamtazama baba yake, baba yake akanyoosha kidole kuelekea upande wa mlima, kwamba hayo ndiyo ya kuachwa. Akainama akate. Nikamshika mkono.

"Subiri kwanza upepo upite," nikamwambia. "Uone mwenyewe unatoka wapi."

"Lakini baba amesema."

"Nimemsikia. Mjomba naye alisema. Kesho nitasema mimi. Shamba ni lako."

Tukasimama tumeshika panga moja, watu wawili, tunasubiri. Upepo ulikawia. Ulipokuja, ulitoka mlimani, kama alivyosema baba yake. Binti yangu akanitazama, akatazama tena machipukizi yakiinama, na hakukata mpaka upepo ulipopita mara ya pili.